Siku ya Ishirini na Nane

Leo nimeitoa majini michemraba mitatu,
nimeifuta kwa kanga kuukuu, nimeipa namba.
Zege la daraja la korongo la Chilungwi,
limelala siku ishirini na nane, sasa liulizwe.

Wa kwanza umepasuka mashine haijakohoa.
Wa pili umelia kidogo, kisha unga.
Wa tatu sikuuonea huruma.
Kumi na nne. Kumi na tatu na nusu. Kumi na tano.
Mchoro unadai ishirini na tano.

Bwana Lechipya ameingia na soda mbili za baridi,
na kwenye buti la gari michemraba mingine,
laini, kingo zimenyooka kama za sabuni.
"Pasua hii. Ni ileile tu, ndugu wa tumbo moja."
Naupima mmoja kiganjani.
Ndugu wa tumbo moja, mbona uzito mbalimbali?

"Korongo lenyewe kavu miezi tisa," anasema.
"Daraja litavusha nini, vumbi?"

Mimi nimezaliwa Bahi.
Naijua ile mitatu iliyobaki.

Na si saruji peke yake.
Mwezi jana nilishuka Chilungwi kuchukua sampuli ya mchanga,
nikamkuta Mama Mbeleje ndani ya shimo, kilemba tu kinaonekana,
anachota kata moja, anangoja,
mchanga utoe jasho, anachota nyingine.
"Mwaka juzi nilichota nimepiga magoti," alisema toka chini.
"Sasa nashuka kwa ngazi.
Malori yenu yanabeba nini, mwanangu?"
Nikasema, mchanga.
"Mchanga! Mnabeba mtungi."

Chuoni nilikariri uwiano:
moja, moja na nusu, tatu,
saruji, mchanga, kokoto, maji kwa kipimo.
Swali la mchanga wa nani halikuwa kwenye mtihani.
Wala hakuna aliyetuambia kwamba huku Ugogoni
mvua ni mgeni mwenye haraka,
na alichoacha, mchanga ndio humtunzia.

Soda imepata joto mezani, sijaigusa.
Naandika kwa wino: 14. 13.5. 15.
Nafasi ya maoni ni mstari mmoja,
nimeuvuka, nimepanda hadi ukingoni mwa karatasi:
nguzo zibomolewe, na mchanga wa Chilungwi usiguswe tena.
Bwana Lechipya amesoma akiwa amesimama,
amechukua soda zake zote mbili.

Ufunguo wa maabara sijui kesho atakuwa nao nani.
Nimefagia vipande, kimoja nimekitia mfukoni.
Njia nzima nimekifikicha kwa vidole viwili;
nilipofika nyumbani kilikuwa mchanga.