Betri Kwapani

Ukingoni mwa Nyiragongo, saa kumi usiku,
baridi imekula betri zote mbili.
Kamera yangu ni jiwe jingine tu.

Kavira, aliyenibebea maji na makaa
toka Kibati,
haulizi. Anachukua betri, anaitia kwapani,
anakaa kama anayejipima homa.

Chini yetu moto unageuka usingizini.
Mvuke unafunga, unafungua.

"Haya, jaribu."
Inawaka. Picha tatu, labda.

Ya kwanza moto. Ya pili moto tena.
Ya tatu nikageuka:
mkono wake bado umebana ubavu,
umesahau kwamba umeshatoa.

Birere, kwa mchapaji,
nililipia hiyo peke yake.
Akaigeuza huku na huku.
"Na mlima uko wapi?"