Lebo ya Vidole Vitatu

Barua imekuja tena, na muhuri wake:
chini ya gramu, tuandike na wakia.
Mnunuzi wa mbali ndivyo alivyozoea, wanasema,
na karatasi yangu ina upana wa vidole vitatu.

Nimekaa sakafuni hapa Isevya,
gundi ya unga imenikaukia kuchani,
chupa mia mbili na arobaini zinaningoja,
na mizani yangu ya kijani, ambayo tangu inunuliwe
haijawahi kutamka neno wakia.

Nimepiga hesabu. Gramu mia tano
ni wakia kumi na saba, nukta, sita, halafu vipande
visivyokwisha, kama sisimizi mlangoni.
Hiyo nukta nani ataila?
Nani ataipaka kwenye mkate?

Bibi Nyamizi alinisimulia duka la njia ya stesheni:
mwenye duka mdomo ukitaja nusu kilo,
mkono ukishika jiwe la ratili.
Gramu arobaini na sita za sukari
zilibaki upande wa pili wa kaunta
kila Jumamosi, miaka kumi na mmoja.
Bibi hakujua kusoma. Alionja tu, akaweka kikombe chini:
"Chai hii kuna mtu kainywa kabla yangu."

Basi mnielewe.
Sisemi wakia zipigwe marufuku.
Anayezipenda aziandike, azikoleze wino,
azizungushie maua.
Naomba ruhusa ndogo tu: nisiyezitaka, niziache.
Kipimo kimoja,
anachokisoma mtoto wa darasa la tatu,
na mwenye shaka avute kigoda
tupime tena hapa hapa.

Maana mstari ule wa mwisho
nilikuwa nimemwekea Kapela wa Ulyankulu,
aliyeshuka mtini usiku, jicho moja limefumba kwa uvimbe,
moshi bado unamtoka kwenye koti,
akacheka, akasema nyuki wamemtoza ushuru
na risiti wamempa usoni.

Jina lake lina herufi sita.
Nimelijaribu kwa penseli. Linaenea.

Barua nimeiweka chini ya ndoo.
Asali imechuruzika, imechora duara juu ya muhuri,
na sisimizi wameshaanza kuisoma.