Shilingi Kumi na Moja

Burnley, majira ya baridi. Baiskeli yangu imeegemea ukuta
wa Hepzibah Ormerod, mlango wa nne kutoka kiwandani.
Peni mbili kila Ijumaa, miaka tisa.
Huziweka juu ya kitabu cha nyimbo za kanisani
asije akazitumia kwa kusahau,
nami natia saini, nanywa chai ambayo sikuiomba,
nikimsikia mpangaji huko juu ya dari
akikohoa pamba yote aliyoivuta tangu utoto.

Bima ilikuwa ya uhai wa huyo mpangaji, Enoch Sagar.
Si mumewe. Si kaka yake.
Siku ya kujaza fomu niliuliza, kalamu mkononi,
maana kuna kisanduku kinachotaka jibu:
Akifa, wewe unapoteza nini?

Alicheka. "Kodi ya wiki nne.
Shilingi kumi na moja. Tazama ubaoni."
Kweli, chaki ilikuwepo, nyuma ya mlango.
Nikaandika: mdeni wake.
Nilikuwa kijana, na nilitaka kamisheni.

Sitaitukana sheria. Najua ilikotoka:
mabwana wa London, wameshiba nyama na kahawa,
wakimwekea dau mgonjwa wasiyemjua,
huyu akiomba afe kabla ya Pasaka, yule baada yake;
na wengine waliolikatia bima ghala la mtu baki,
kisha usiku wakapita karibu na mwenge.
Ndipo sheria ikasimama mlangoni ikauliza
lile ambalo hata mtoto angeuliza:
pilipili usizozila, zakuwashiani?

Swali zuri. Limewaokoa wengi wakiwa usingizini.

Lakini Hepzibah alizila.
Alizila alipomkanda kifua kwa mafuta ya bata bukini,
alipokata makoti mawili akashona moja,
alipomsomea gazeti mpaka matangazo ya mazishi,
maana macho ya Enoch yalibaki kwenye nyuzi.
Na Krismasi ile, mimi nikiwepo,
alichukua kitambaa kibichi akaufuta ubao.
"Kudaiana," alisema, "ni kwa watu wasiojuana."

Enoch alikufa Februari, Jumanne,
vitanda vya kufumia vikinguruma mtaa mzima.
Paundi kumi na tano, ilisema karatasi.
Mkaguzi akaja kutoka Manchester, mtu mpole,
hakuvua glovu.
Akaeleza: mke ana maslahi katika uhai wa mumewe,
hayana kikomo, wala haulizwi ushahidi.
(Na mke alikuwepo. Lavinia, wa Preston,
hawakuonana tangu mwaka wa mafuriko.
Huyo angeweza kumkatia bima ya paundi elfu.)
Lakini mwenye nyumba ana maslahi katika anachodai,
hicho tu, kama kilivyokuwa
siku ile wino ulipokauka.

"Mbona nililifuta," akasema Hepzibah.
"Sisi hatusomi ubao, mama. Tunasoma fomu."

Basi akahesabiwa mezani shilingi kumi na moja.
Kati ya yote yaliyopita katika nyumba ile,
deni alilolisamehe ndilo lililokubaliwa.
Nilitazama viatu vyangu. Mwandiko ulikuwa wangu.

Ijumaa iliyofuata miguu ilinipeleka kwa mazoea.
Nilikuwa nimeshabisha hodi ndipo nikakumbuka.
"Ingia," akasema, "chai imeshamiminwa."
Juu ya dari, kimya ambacho sikukizoea.

Nyuma ya mlango kulikuwa na chaki mpya,
herufi kubwa za mtu aliyesoma miaka miwili tu:
Enoch, shilingi kumi na moja.
Nikadhani uchungu umemrudisha nyuma.
Nikasoma tena, polepole.
Safari hii mdeni alikuwa yeye.

Sikumuuliza atamlipa wapi.
Nilikunywa chai, ikaisha,
akaniongezea.