Elfu Kumi

Tuliinunua kwa kidole gumba.
Eilif ana magoti, mimi nina miwani,
kwa hiyo yeye alisimama dirishani akitaja tarakimu
nami nikaandika, nikafuta sifuri iliyozidi,
nikaandika tena.
Viazi vilikuwa jikoni vikichemka.
Dalali akajibu: Nimepokea. Kuna mwingine.
Mna nusu saa.

Nyumba yenyewe haina ngazi. Ni hilo tu.
Haina ngazi, na ina dirisha kubwa upande wa kusini
ambapo Januari, jua linaporudi Tromsø
baada ya wiki zake za kutuacha gizani,
litaingia mpaka kwenye zulia.
Tuliiona Jumapili, robo saa,
tumevua viatu mlangoni kama desturi,
na badala ya kuhesabu vyumba
nikahesabu viatu: jozi ishirini na mbili.

Yetu ilikuwa haijauzwa.
Yetu ilikuwa haijapigwa hata picha.
Mbao, rangi ya haradali, imesimama wima kama kabati,
vidato thelathini na saba kutoka mlangoni hadi kitandani,
na cha tisa hulia.

Habari ya mbachao na msala upitao naijua.
Lakini Tordis wa benki alichukua kalamu
akatuchorea daraja nyuma ya bahasha:
huku nyumba, huku nyumba, katikati deni.
Mtavuka, akasema. Watu huvuka.
Maji hakuyachora.

Tukapandisha. Naye akapandisha.
Elfu hamsini. Elfu ishirini na tano. Elfu ishirini.
Mtu tusiyemjua, mahali fulani mji huu huu,
amekaa na simu yake, labda na viazi vyake,
anatupandishia uzee wetu bei.
Saa nane na dakika kumi Eilif akasema: Basi, Oddny.
Nikatazama jinsi alivyoegemea ukuta
nikaongeza kroni elfu kumi bila kumwuliza.

Yetu.
Viazi vilikuwa uji.

Wiki hiyo theluji ilianguka bila kujali hati,
ikayafunika mapaa yote mawili.
Asubuhi niliisukuma hapa, mchana kule,
kwa koleo lile lile, nikipanda nalo basi,
watu wakinipisha.
Usiku mwili ulilala huku, roho kule,
na riba ikatembea katikati, imevaa soksi.

Wakaja kuiona yetu.
Mmoja aligonga kuta kama daktari.
Wawili waliucheka ukuta wa bafuni, polepole, kwa adabu.
Mwingine alitaka msala tu, nikamwelekeza.
Bei hakutoa mtu.

Dalali wa ile nyumba nyingine alikuwa ametutumia orodha,
ndiyo haki ya mnunuzi: nani alitaja nini, saa ngapi.
Jina lilikuwa moja tu, likijirudia hadi chini.
Solfrid Kvammen.
Nililikunja nikalitia kwenye droo ya vijiko.

Jumapili ya tatu akaliandika kwa mkono wake
kwenye daftari mlangoni kwangu.
Mwanamke wa miaka thelathini, kikohozi, koti la mvua,
na mtoto wa kiume aliyepanda akihesabu kwa sauti,
akafika tisa, akasimama,
akashuka akapanda tena ili kilie tena.
Sikusema mimi ni nani. Mbona angeuliza?
Aliuliza: Jua hufika humu?
Ningeweza kudanganya. Nikasema
mwezi huu, saa nne na nusu, kwenye kidato cha ishirini,
kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa.
Akaenda kukaa pale. Ilikuwa saa nane, mawingu.
Alikaa hata hivyo.

Leo simu imeunguruma juu ya meza.
Bei yake. Nusu saa.
Imepungua elfu kumi kamili.

Sijui kama anajua.
Eilif yuko dirishani: Kumi tu, anasema,
mdai hiyo kumi, atatoa.
Pengine atatoa.
Kidole gumba changu kiko juu ya kioo
na kina baridi.