Jozi Mbili kwa Mwaka

Walikuja vijana watatu kutoka Nairobi,
wakavua viatu mlangoni
wakidhani ndiyo adabu ya pwani hata maofisini.
Hatukuwarekebisha.
Wakatutangazia: faili zote zinapanda winguni.
Bi Shekuwe wa mapokezi akachungulia dirishani,
mbingu ya Shimanzi nyeupe kama sufuria iliyosuguliwa:
"Wingu lipi?"

Mimi nikakabidhiwa leja.
Miaka kumi na tisa ya makontena, ushuru na faini,
wino uliofifia kwa joto la Machi,
niihamishe mstari kwa mstari,
kila senti iingie kijumbani mwake.

Ndimo nilimoanza kukutana na Msellem.
Januari: viatu vya tarishi, jozi moja.
Julai: viatu vya tarishi, jozi moja.
Mwaka ule Makupa ilipofurika: jozi tatu, na mwavuli.
Asubuhi forodhani, adhuhuri benki,
alasiri kwa wakala wa meli Kilindini, bahasha kwapani,
akijua afisa gani hagusi karatasi kabla ya kahawa,
nani kafiwa, nani kaposa,
muhuri wa nani umekauka.
"Mtembezi hula miguu yake," akicheka,
"mimi nala na viatu."

Hawakumfukuza, nisiseme uongo.
Walimpa kiti cha kuzunguka,
nywila ya herufi kumi na mbili
na cheo kirefu kuliko mkono wa kanzu:
Msimamizi wa Mtiririko wa Nyaraka.
Siku hizi hati hutoka kwangu ikafika forodhani
kabla sijameza funda la chai.
Ni kweli, na ni vizuri.
Mwezi uliopita hatukulipa faini hata moja,
meneja akatuletea sambusa.
Msellem alikula moja,
ya pili akaifunga kwenye karatasi
akauliza kama kuna mtu wa kupelekewa.

Jana nikafika mstari wa mwisho.
Mfumo ukaniuliza: Aina ya gharama?
Orodha ikashuka: Leseni. Mafunzo. Seva.
Usalama wa data. Vifurushi.
Nikadhani baada ya Vi- patakuwa na kitu.
Hapakuwa.
Nikateremka hadi chini kabisa, penye Nyinginezo,
napo sikuachiwa nipite hivi hivi:
Weka maelezo. Herufi zisizozidi ishirini.

Nikainua macho.
Upande wa pili wa chumba Msellem ameketi;
kiti alikipandisha siku ya kwanza
na hajui kukishusha,
hataki kumuuliza mtoto wa juzi.
Viatu vya Julai vinaning'inia juu ya sakafu,
soli safi,
kibandiko cha bei hakijang'oka.

Nikaandika: viatu.
Zikabaki herufi kumi na tano.
Nilikaa nazo mpaka askari akaja kuzima taa.