Hali ya Hewa: Labda

Redio ya jikoni ilisema: labda.
Labda mvua, labda vipindi vya jua,
upepo wa kaskazini-magharibi, labda.
Nikafunga hema nyuma ya kiti kwa kamba mbili za mpira,
nikaongeza ya tatu
kwa ajili ya hiyo labda.

Darajani Pont Ddu wingu lilikuwa limekaa barabarani
kama mtoza ushuru asiye na haraka.
Nilizima injini. Nikawaza kitanda,
paka, birika, soksi kavu.
Lori la maziwa likanipita likipiga honi.
Nikaona haya, nikawasha.

Bonde lile la Wales lina kondoo kuliko watu,
na siku ile lilikuwa na tope kuliko wote.
Mwaka juzi zilikuja pikipiki mia mbili.
Safari hii nilihesabu thelathini na moja,
na moja ilifika juu ya trela, hatusemi ya nani.
Ilikuwa ya Meurig.

Langoni Eluned anagawa vifuniko vya makopo,
vya kuweka chini ya stendi, mashine isilale.
"Ardhi imelewa kabla yenu," anasema,
na kunitia changu kiganjani kama sadaka.

Hapa hakuna anayekuuliza unafanya kazi gani.
Wanauliza: cheni au shafti?
Plagi umebadilisha lini?
Daktari wa meno amepiga magoti topeni
akimshikia tochi kijana mchomelea vyuma,
na wote wawili wanaitazama karbureta
kama wazazi juu ya mtoto mwenye homa.

Saa kumi jua likatoka.
Dakika kumi na moja.
Tukaanika kila kitu: glavu, ramani, miguu.
Mtu mmoja akathubutu kuvua koti.
Baadaye lawama zote zilimwendea yeye.

Maana mvua ile haikunyesha; ilihamia.
Ilikuja na vyombo vyake vyote, ikavishusha kwa kelele.
Hema la Gethin liliinuka, likatembea hatua nne,
likajitupa juu ya ua wa miba.
Saa tatu usiku tulikuwa zizini sote,
tumebanana, tunanuka petroli na sufu mbichi,
na kondoo wakitutazama
kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji mpya.
Supu ya viazi ilizunguka katika sufuria iliyozibwa tundu.
Kwa gundi gani, hatukuuliza.

Ikaja zawadi ya aliyetoka mbali:
pistoni kuukuu, imesuguliwa ikang'aa.
Wiebke, kutoka Oldenburg, maili mia saba na kitu.
Makofi yalikwisha kuanza
Dilys aliponyosha mkono.
Dilys! Bomba la moshi la nyumba yake
tunaliona kutoka chooni.

"Maili nne," akasema. Tukacheka.
"Nilitoka asubuhi, wingu likanirudisha.
Nikatoka tena, goti likanirudisha.
Mara ya tatu nilifika hadi langoni.
Nikasikia injini moja humu ndani
ikikohoa vilevile kama ya Trefor,
nikageuza.
Hii ni ya nne."

Mabati yaliendelea kupigwa na mvua.
Meurig alitazama viatu vyake,
maana injini ile ilikuwa yake,
kabla haijapandishwa kwenye trela.
Wiebke, ambaye Kiwelisi hajui na Kiingereza anakipapasa,
alivuka nyasi kavu na migongo ya kondoo
akamwekea Dilys pistoni mapajani.
Dilys akaipima uzito kwa mkono,
akasema ni ya mashine mbovu.
Hapo tukacheka tena, namna nyingine.

Asubuhi ukungu. Mahema yamelala chali.
Pikipiki zimesimama, karibu zote,
kila moja na kifuniko chake mguuni.
Nilichomoa changu: kimebonyea katikati
mahali uzito wote ulipokaa usiku kucha.
Nikakitia mfukoni, na tope lake.

Redio ya Eluned ilikuwa inasema kitu kuhusu mchana.
Sikungoja kusikia.