Viwanja Mia

Umeme umekatika tena Pasua.
Mwalimu Mchome anageuza kioo cha hadubini
kielekee dirishani, kinywe jua.
"Kabla hujaandika chochote," anasema,
"pita viwanja mia. Mia, Foibe. Si tisini, si karibu na mia."

Kiwanja, darasani kwetu, ni duara la mwanga
ambamo jicho hutua kabla ya kusogea.
Mjini hapa mwenye viwanja vitatu huamkiwa mapema,
na mwenye kimoja yuko mahakamani na shemeji zake.
Mimi ninavyo mia,
vyote juu ya kipande cha kioo
kisichozidi urefu wa kidole.

Damu ni ya Elirehema, mwenzangu wa benchi.
Nilipomchoma alifumba macho,
mwanamume aliyeshinda machinjioni miaka sita!
"Damu ya ng'ombe haina jina," akajitetea.
Jina lake nikaliandika pembeni kwa penseli.
Tone nene, tone jembamba,
nikangoja yakauke, nikayavika zambarau.

Punje kumi za mahindi ziko kushoto kwangu.
Kila viwanja kumi, punje moja inahamia kulia.
Kiwanja cha kumi na moja: seli zimelala
kama sahani zilizooshwa.
Cha kumi na tatu: uchafu wa rangi tu,
moyo umeruka bure.

Jicho hili nililipata Memorial,
miaka tisa nyuma ya meza ya mitumba.
Belo likifunguliwa alfajiri, nilikinga shati kwenye taa
nikaona tundu la nondo, doa la mvinyo wa watu,
kwapa lililochoka. Niliona yote.
Kisha mteja akija: "Halina kitu, kaka. Jipya hili,"
huku nalikunja, doa lilale ndani.
Wanangu walikula hiyo *halina kitu*.
Ada ya muhula wa kwanza imo humo.

Sasa nimeketi na wasichana waliozaliwa
mwaka niliomaliza darasa la saba.
Wananiita mama, wananiazima kalamu na hawarudishi,
nami najifunza upya neno nililoliuza rahisi.

Cha arobaini. Shingo.
Cha sitini na mbili, wingu limeziba dirisha, nangoja.
Mlima hauonekani tangu juzi,
na sijasikia mtu Moshi nzima akisema haupo.

Cha tisini na tisa.
Cha mia.
Punje zote ziko kulia.

Nachukua kalamu. Mkono unataka kuandika *hakuna*,
ni neno fupi, limezoea kinywa changu.
Naandika: *Wadudu hawajaonekana.*
Mwalimu anasoma, haongezi kitu, anapita benchi la pili.

Kulikuwa na kijana wa Kiboriloni
aliyerudi na shati siku ya pili ya usaili wake.
Hakudai hela. Alilitandaza mezani
doa likiwa juu, akaenda zake.

Narudisha jicho kwenye hadubini.
Kiwanja cha mia na moja
hakuna aliyenituma.
"Vipi?" Elirehema ananong'ona, kidole bado mdomoni.
"Tulia kwanza," namwambia. "Natazama."